Ndege Anayetazama Nyuma

Tarehe 4 Machi

Kaka Profesa,

Shikamoo. Nakuandikia mguu mmoja ukiwa kwenye cherehani, maana gauni la bibi harusi linatakiwa Ijumaa na bibi harusi mwenyewe amenenepa tangu nimpime. Basi ukiona mwandiko unayumba usiseme mdogo wako kaanza ulevi.

Mama ameanguka. Keti kwanza. Yu hai, na ulimi wake u hai kuliko yeye. Aliteleza bafuni Jumanne, nyonga ikavunjika. Daktari wa mifupa anasema apasuliwe na kuwekewa chuma, na isipite mwisho wa Mei. Akilala zaidi ya hapo misuli inanyauka, moyo unachoka, na hata wakimpasua hatasimama tena. Nimemuuliza mara tatu, nikidhani labda atabadilisha. Hakubadilisha. Gharama nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usiisome ukiwa umesimama.

Nilikuwa nimekwama ndipo nikakumbuka kopo la biskuti la Baba, lile la kabatini. Zile sarafu za kale alizokuwa akizitenga dirishani pale stesheni miaka yote aliyokata tiketi, kila moja kaivika kikaratasi chake kama pipi. Sisi tulidhani ni ubahili. Zipo arobaini na moja. Nakutumia ishirini, nyingine nabaki nazo, maana posta siiamini hata kidogo na wewe nakuamini nusu.

Zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Nikasema siwezi kumtumia mtu mwenye duka la sarafu la vioo mjini uchafu wa namna ile. Mama akasema, "Lete hapa." Nikamwegemeza mito, nikamwekea beseni juu ya stuli, na majivu na ndimu na brashi ya viatu. Kazisugua siku mbili, moja moja. "Nyonga ndiyo iliyovunjika," kasema, "mikono ipo. Na mimi nichangie kupasuliwa kwangu." Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akiimba. Siku hizo mbili aliimba mpaka jirani akauliza kuna nini.

Sasa zinang'aa kama vijiko vya harusi. Ziuze, kaka. Na usinipigie simu ya dukani, yule mwenye duka anasikiliza kuliko mimi.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 12 Machi

Sindano, ncha ya familia,

Marahaba! Kifurushi kimefika salama, na posta umeisingizia bure. Na kabla sijaenda mbali, mwambie Mama atulie. Amezaa mwanamume, hakuzaa kivuli.

Unajua ndugu yako ni nani katika mji huu? Mimi niliyeacha shule darasa la sita, kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa la kunifundisha, leo maprofesa wa kweli, wenye miwani na vyeti, wanapanga foleni dukani kwangu kuniuliza sarafu hii ni ya lini. Nimekula na wazungu, nimekula na wachina, nimegombana bei na bwana mmoja mpaka mkalimani akalia. Sarafu, mdogo wangu, haina siri kwangu. Naiuliza maswali mawili tu. La kwanza: wewe na wenzako mko wangapi duniani? Huo ndio uadimu. La pili: umeishije tangu uzaliwe? Hiyo ndiyo hali. Ikiniongopea naigeuza ukingoni, naipima kwenye mizani, naidondosha juu ya meza nisikie inavyolia, mpaka inakiri.

Basi sikiliza. Leo asubuhi kaja bwana mmoja, tumbo mbele, saa ya dhahabu nyuma yake. Nikafungua kifurushi chenu. Alirudi hatua mbili kwa mng'ao! Akauliza, "Nani kazisafisha hizi?" Nikamwambia ni fundi wangu maalumu, hapatikani kwa fedha. Kachukua zote ishirini bila hata kupatana.

Hii hapa ni robo ya gharama, kwa hawala. Nyingine inafuata. Mwambie Mama mikono yake ina cheo kuliko yangu.

Kaka yako,
Profesa


Tarehe 12 Machi, jioni

Mzee Mizani,

Shikamoo mbili, moja ya salamu, nyingine ya kuomba.

Wewe uliyenifundisha kazi hii utaelewa bila mimi kulia. Leo nimepokea sarafu ishirini za marehemu baba; ishirini na moja nyingine bado zimo kwenye kopo lake, kwa dada yangu. Kumi na nne ni za kawaida, hata watoto wanazo. Lakini sita, mzee wangu! Sita ni za ule mwaka wenye herufi ndogo chini ya tarehe, zile ulizoniambia nikiona hata moja nifunge meza nikakuite. Zimekaa miaka arobaini ndani ya karatasi ya tiketi bila kuguswa. Zingekuja na ngozi yao nyeusi ya kuzaliwa nayo, sita tu hizo zingemnyanyua mama yangu kitandani na kumnunulia viatu vya kutembelea.

Zimesuguliwa, mzee. Kwa majivu na brashi. Nimeziweka chini ya kioo, nikaona mikwaruzo imekwenda upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mabonde yamebaki, vilele vimeondoka. Unasemaga sarafu iliyosafishwa ni kama mzee aliyepaka nywele rangi: anadhani kapata ujana, kumbe kapoteza heshima. Nilimwita Fundi Saa, huyu ninayeweka meza kwenye baraza lake, nikamwonyesha. Akasema, "Profesa, zimependeza!" Nikatamani nimpige.

Na aliyezisugua ni mama mwenyewe, kalala na nyonga iliyovunjika, anaimba. Nitamwambiaje? Kwamba alikuwa akijifukuzia daktari kwa brashi? Nimeandika nyumbani kwamba zimeuzwa zote. Fedha niliyowatumia ni akiba yangu ya kodi ya chumba.

Sasa naomba. Unamjua Mchumba, sarafu yangu ya simba, niliyekaa naye miaka kumi na tisa. Watu wanauliza kwa nini sikuoa, nilikuwa nimeshaoa. Namuuza. Nakutumia pamoja na barua hii. Mtafutie mtu mwema, na bei njema zaidi ya mtu.

Mwanafunzi wako mkorofi,
Profesa


Tarehe 21 Machi

Profesa,

Marahaba. Pole kwa mama.

Mchumba nimempokea. Nilishakuambia ukingo wake una jeraha karibu na mkia, ukanijibu ni kidoti cha urembo. Wanunuzi hawapendi vidoti. Nimepata bei ya chini ya nusu ya ile uliyokuwa ukiitangaza sokoni. Fedha hii hapa.

Sasa nisome polepole. Mwaka ule kiwanda cha sarafu kilipoanza kupiga zile za ndege, siku ya kwanza walifunga muhuri uliokosewa. Ndege akatoka ametazama nyuma badala ya mbele. Walisimamisha mashine saa sita mchana na kuziyeyusha. Zilizoponyoka zinajulikana tatu. Moja ilitobolewa ikavaliwa shingoni, moja imefungiwa benki, na ya tatu niliwahi kuishika dakika moja nikiwa na ndevu nyeusi.

Ya nne niliiona dirishani kwa baba yako. Nilikuwa nakata tiketi, akasogeza chenji, na kando ya kidole chake yupo huyo ndege. Aliishika ukingoni, kama mtu aliyeshika kipepeo. Nikamwomba aniuzie. Akasema, "Hii si ya stesheni wala si yangu. Ni ya watoto." Sikukuambia miaka yote hii kwa sababu nilitaka siku moja mniuzie kwa bei ya kijinga. Nakuambia leo kwa sababu ya nyonga ya mama yako.

Katika ishirini zile hayupo, ungepiga kelele. Basi yumo kwenye ishirini na moja zilizobaki. Na ngozi yake ikiwa nzima, analipa daktari, wodi na dawa, na chenji inabaki. Akisuguliwa, basi.

Usiandike barua. Panda basi leo hii, mwambie dada yako ukweli, uchukue kopo kwa mkono wako.

Mizani


Tarehe 29 Machi

Sindano mpenzi,

Hii hapa fedha nyingine. Jumla mmeshakaribia nusu, au siyo? Mwambie daktari anoe visu vyake.

Nilitaka nije mwenyewe, lakini nikiondoka mimi soko zima linalala. Jana tu nimezuia watu wawili wasiuziwe bati kwa bei ya fedha. Wamenibusu mkono. Nikamwambia mmoja, "Acha bwana, nina dada mjane, atauliza huo mdomo umetoka wapi."

Sikiliza, hizo ishirini na moja zilizobaki. Nitumieni haraka, hivyo hivyo zilivyo. Mama asijichoshe tena, amefanya ya kutosha, apumzike. Hapa dukani nimenunua mashine maalumu ya kusafishia, nitazisafisha mwenyewe. Na humo ndani iko moja yenye ndege anayetazama nyuma. Hiyo ndiyo ya kwetu, mdogo wangu! Hiyo peke yake inamaliza deni la daktari. Hiyo muiangalie kuliko zote.

Nawabusu. Mwambie Mama chuma cha nyonga nitamchagulia mimi mwenyewe, cha rangi aipendayo.

Profesa


Tarehe 14 Aprili

Kaka Profesa,

Shikamoo. Fedha imefika. Mama ameihesabu, kaibusu, kaiweka chini ya mto, halafu kaihesabu tena.

Barua yako nilimsomea kwa sauti kama kawaida. Nilipofika kwenye mashine alicheka mpaka nyonga ikamuuma. "Huyu," kasema, "ambaye hajawahi kufua hata soksi yake? Mashine haina uchungu wa mtoto. Ananihurumia tu, ananiona nimekuwa mzigo." Na hapo machozi yakamlenga. Nikamwambia, Mama, kasema upumzike. Akaniambia, "Nimepumzika mwezi na nusu! Mgongo umeota vidonda vya kupumzika. Yule tajiri aliruka hatua mbili kwa mkono wa nani? Wa mashine?"

Ningefanyaje? Nilimpa beseni.

Hizo ishirini zilimalizika kwa siku mbili. Lakini yule ndege wako, kaka! Alikuwa na utando mweusi unaotoa rangi ya bluu pembeni, haubanduki hata kwa ndimu. Mama akasema kama yeye ndiye anayelipa daktari, basi hatoki nyumba hii amechafuka. Kamkalia siku tatu. Brashi ikashindwa, nikamletea mchanga laini, ukashindwa, nikamletea ule waya wa kusugulia sufuria. Vidole vilimtoka damu, nikamfunga kitambaa, akaendelea. Jana alasiri akaniita, "Njoo umwone!" Alikuwa mweupe, kaka, mweupe kama jino la mtoto. Alimshika juu kwenye dirisha na mwanga ukacheza ukutani, na Mama akasema, "Mwaka huu nitakwenda sokoni kwa miguu yangu, nikawatukane walionizika."

Basi huyo anakuja kwako, nimemfunga peke yake kwenye kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi.

Hapa daktari kaniuliza tarehe. Nimemwambia mwezi wa tano, wiki ya pili. Nimekosea?

Sindano


Tarehe 24 Aprili

Mzee Mizani,

Shikamoo. Usinijibu kwanza, soma.

Hukusema uongo, ndege ni yeye. Tarehe ni yenyewe, uzito umepungua kidogo, sauti ni ya fedha safi. Yumo kwenye kibegi kidogo nilichokishona kwenye barua hii. Mtazame.

Manyoya ya bawa yameondoka yote. Jicho halipo. Shingo, pale inapogeuka, pale penye fedha yote na akili yote ya sarafu ile, pamesuguliwa pakawa laini kama goti la mtoto. Nikiinamisha kioo hivi namwona anatazama nyuma. Nikiinamisha vile sijui anatazama wapi. Miaka ishirini na mbili nawaambia watu mimi naijua sarafu gizani kwa kidole gumba. Nimempitishia kidole, sikusikia kitu.

Ulisema nipande basi. Nilifika mpaka kituoni, nakuapia. Nilisimama na tiketi mkononi. Nikafikiri nitaingia chumbani kwake na suruali hii yenye viraka, mtu mwenye duka la vioo, nimtazame usoni na kumwambia Mama, kile ulichofanya kwa furaha ndicho kilichokumaliza. Basi likaondoka. Nikarudi kuandika barua, nikatia mzaha juu yake kama mtu anayetia sukari kwenye mwarobaini, na mzaha ndio waliounywa.

Mzee, hakuna mtu? Hata mmoja kichaa? Wewe unawajua matajiri wote wenye matatizo.

Profesa


Tarehe 26 Aprili

Sindano,

Ndege amefika, na hariri yake. Ni mrembo mno, amenikosesha usingizi! Sarafu kubwa kama hii haiuzwi mezani kama nyanya. Nimempeleka mnadani, mji mwingine, kwa mzee mmoja anayeitwa Mizani, mwalimu wangu, mtu wa dunia. Mnada una taratibu zake, na wakubwa lazima wasubiriwe. Vuteni subira kidogo.

Mwambie Mama afunge vidole vyake vizuri. Zile ishirini nyingine nimeziuza, hiki hapa kidogo.

Profesa


Tarehe 9 Mei

Profesa,

Nimemwonyesha wawili. Wa kwanza akasema siye. Wa pili alikaa naye dirishani nusu saa, akasema ni yeye, lakini amekufa. Akanipa pole kana kwamba ni mwanangu.

Wote wawili wanatoa bei ya uzito wa fedha. Nimechukua ya pili, na nimeongeza kiasi changu. Usinishukuru, ni kidogo na najiona mbaya. Ningemtaja miaka kumi iliyopita asingefika kwenye beseni. Na mimi nilisema panda basi, lakini kusema ni rahisi, mama yangu alishakufa.

Sarafu ya aina hii ikipoteza hali yake, hakuna fundi. Hilo nilikufundisha siku ya kwanza. Mwambie dada yako.

Mizani


Tarehe 19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wiki ya pili imepita, ya tatu inakwisha. Nimekwenda kwa daktari kumwomba aanze kwa nusu tuliyonayo. Ni mtu mwema, alinipa kiti, akaniita mama, akasema chuma cha nyonga hakinunuliwi nusu.

Mama hali chakula vizuri. Mguu umeanza kuwa mwembamba, nikimwogesha naona mfupa wa goti kama kitasa. Anakohoa pia. Lakini asubuhi akiamka swali ni lile lile, "Ndege kauzwa?" Mpaka mafundi wenzangu wanapita mlangoni wanauliza, "Ndege vipi?" Mtaa mzima unamngoja ndege wako, Profesa. Jirani mmoja kaleta sarafu za marehemu mumewe, anataka Mama amsafishie, atamlipa. Mama amekubali. Anasema anayo kazi sasa.

Zimebaki siku kumi na mbili. Tuambie tu ni kiasi gani, hata kama ni kidogo kuliko ulivyotarajia. Hatutakucheka.

Sindano


Tarehe 25 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii isome peke yako. Nenda nayo nyuma ya nyumba.

Hakuna mnada. Hakuna tajiri aliyeruka hatua mbili. Sarafu zote arobaini na moja hazikuuzwa zaidi ya uzito wake, na fedha mliyopata ni kodi yangu, na sarafu yangu moja, na vitu vyangu vya ndani, ambavyo havikuwa vingi. Duka la vioo pia halipo. Nina meza kwenye baraza la fundi saa, mguu mmoja mfupi, nimeutegea kigae.

Sarafu ya kale haioshwi, Sindano. Weusi ule ndio ngozi yake. Mnunuzi anauangalia huo kabla hajaangalia kitu kingine, kwa sababu hauwezi kughushiwa, ni miaka yenyewe. Ukiusugua umeondoa kile kinachonunuliwa. Baba alijua, ndiyo maana alizivika karatasi. Mimi nilijua. Ningekuambia siku ile ya kwanza, kwa mstari mmoja tu, ndege angekuja na utando wake wa bluu na Mama angekuwa ameshapasuliwa wiki mbili zilizopita. Kwenye ulimi wangu ndipo alipofia, siyo kwenye beseni. Nilitaka Mama aimbe. Na nilitaka muendelee kuniita Profesa.

Jirani yako mwambie achukue sarafu zake kabla hazijaguswa. Hilo tu ndilo ninaloweza kuokoa.

Hii hapa fedha ya ndege. Inatosha dawa za maumivu za mwezi mmoja, labda na wiki. Nimegonga kila mlango ninaoujua mji huu, na nilidhani ninaijua mingi. Nitukane utakavyo.

Kaka yako


Tarehe 9 Juni

Kaka,

Nimekutukana matusi yote niliyo nayo, na yalipokwisha nikayarudia kwa mpangilio. Mengine nilikuwa sijui kama ninayajua. Nilikaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaja kulala. Brashi niliitoa mimi kwenye sanduku la viatu, kaka. Ndimu nilikata mimi. Waya wa sufuria nilimletea mimi, na alipotaka kupumzika siku ya pili mimi ndiye niliyemwambia, "Bado kidogo, Mama, hapo shingoni kuna doa."

Daktari alikuja tarehe mbili, bila malipo. Alimgusa mguu, akampiga nyundo ndogo gotini, akasikiliza kifua. Nje akaniambia sasa hata fedha ikipatikana hatampasua, moyo hautavuka. Akasema nimgeuze kila baada ya saa mbili na nimpe anachopenda. Nimemuuliza mara tatu.

Sarafu za jirani nilizirudisha. Nikasema Mama amechoka. Jirani kanuna, anasema tumeshakuwa matajiri.

Sikuweza kumwambia. Nilifungua mdomo, kweli nilifungua. Alikuwa ameshika vidole vyake hivi, anaangalia makovu ya ule waya, anatabasamu peke yake. Akauliza, "Kaka yako kasemaje?" Nikasema, kasema bei imepanda, Mama, kuna watu wawili wanashindana juu yake. Uongo umetoka mwepesi kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Akapiga makofi. Sasa kila jioni lazima nimpandishie bei kidogo, ndipo anakunywa uji. Jana ameniambia ikifika kiasi fulani niwaambie waache, tusiwe na tamaa, nyonga ni moja tu.

Kisha akauliza mnada huo unaisha lini, maana anataka kujua aanze lini kunyoosha miguu. Nilijifanya nimechomwa na sindano, nikatoka.

Wewe ni mtu wa dunia. Niandikie upesi, kaka, kabla hajauliza tena. Minada ya wakubwa huwa inaisha lini?

Mdogo wako,
Sindano